Jiwe Ligeukalo Rangi na Mshahara wa Mfanya Kazi

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa reli, Mombasa)



Tumeombwa tuseme habari za mawe ya pete, na twajua wako waliocheka walipoona tangazo ubaoni. Chama cha wafanya kazi na vito, wapi na wapi? Mkutano uliopita tulizungumza habari za buti na makoti ya mvua, na kila mtu alielewa. Lakini mtu akikatwa mshahara miezi kumi na minane kwa ajili ya jiwe dogo kuliko punje ya mhindi, basi jiwe hilo limekwisha kuwa jambo la chama.

Mwenzetu mmoja, ambaye yumo humu na ametupa ruhusa kusema bila kumtaja jina, alioa alipokuwa bado kibarua. Siku ya arusi alimvisha mkewe pete ya shaba. Alipotimiza miaka kumi kazini akakusudia kuiondoa shaba ile. Akakopa katika chama cha akiba na mikopo, sisi wawili tukamdhamini, akaenda Mji wa Kale akanunua pete ya dhahabu yenye jiwe la ajabu. Mchana kwenye jua jiwe lile lilikuwa samawati yenye kijivu. Usiku mbele ya taa likawa zambarau. Muuzaji alimwambia kwamba hiyo ni aleksandriti, imechimbwa Tunduru, na kwa hiyo bei yake ni mshahara wa miezi minne. Sote tuliitazama tukaisifu. Sisi ambao maisha yetu ni kungoja taa igeuke rangi, tulipendezwa mno na jiwe ligeukalo lenyewe.

Baada ya miezi michache akaipeleka kwa sonara mmoja mzee, katika kichochoro nyuma ya Ndia Kuu, ipunguzwe kidogo kwa kuwa ilikuwa pana. Tulikwenda naye. Mzee akaweka lenzi jichoni, akaigeuza pete, akasogea mlangoni penye mwanga, akatazama tena. Kisha akasema, "Wanangu, dhahabu ni njema. Jiwe ni la kiwandani." Tukamwuliza bei yake. Akasema jiwe peke yake haliwezi kuzidi bei ya kilo moja ya nyama. Wala hakutaka hata senti moja kwa kulitazama.

Ndugu zangu, tuliona haya kuuliza mengi siku ile, lakini tulirudi kwake mara tatu, na mengine tumeyasoma wenyewe. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Aleksandriti ya asili ilionekana kwanza katika milima ya Ural, nchi ya Urusi, katika miaka ya 1830, ikapewa jina la mrithi wa ufalme, Alexander, ambaye baadaye ndiye aliyewafungua wakulima wa Urusi kutoka utumwa wa mashamba mwaka 1861. (Hatujui kama wakulima wale waliwahi kuiona.) Katika Afrika ya Mashariki imepatikana karibu na Ziwa Manyara, na tangu miaka ya 1990 imechimbwa pia Tunduru. Kwa hiyo muuzaji hakusema neno lisilowezekana. Uwongo mzuri hujengwa juu ya jambo la kweli.

Kugeuka kwake si uchawi. Ndani ya jiwe imo kromi kidogo sana, nayo humeza rangi ya manjano ikaacha njia mbili wazi, ya kijani na ya nyekundu. Nuru ya jua ina kijani na samawati kwa wingi, kwa hiyo mchana twaona kijani. Nuru ya mshumaa au koroboi ina wekundu mwingi, kwa hiyo usiku twaona nyekundu. Shikeni hapo: aleksandriti njema ni kijani mchana na nyekundu usiku. Jiwe la mwenzetu lilitoka samawati likaenda zambarau. Taa ilituonyesha rangi isiyo yake, nasi tukapita. Dereva akifanya hivyo huitwa ofisini.

Sasa hilo jiwe lake latengenezwaje? Hapa mafundi wetu wa kuchomelea wataelewa kuliko maprofesa. Mwaka 1902 Mfaransa aitwaye Auguste Verneuil alitangaza njia yake. Huchukuliwa unga safi wa alumini iliyoungana na oksijeni, ukaangushwa kidogo kidogo kupitia katikati ya moto wa gesi mbili, oksijeni na haidrojeni, moto upitao digrii 2,000. Unga huyeyuka ukitua juu ya kijiti, tabaka juu ya tabaka, na baada ya saa chache limeota jiwe lenye umbo kama karoti. Ukitia kromi katika unga, unapata yakuti nyekundu. Ukitia vanadi, unapata jiwe ligeukalo rangi, lile lile la pete ya mwenzetu. Limekuwa likiuzwa duniani kwa jina la aleksandriti kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja, na wala si aleksandriti. Ni ndugu wa yakuti.

Na tusilidharau. Ni gumu kuliko aleksandriti yenyewe. Yakuti za moto wa Verneuil ndizo zilizowekwa ndani ya saa, pale vijiti vya magurudumu madogo vinapozungukia ili visilike. Gadi wa zamani aliyejivunia saa yake ya mawe 17 alikuwa amebeba mfukoni mawe ya kiwandani, na magari moshi yalikwenda kwa saa hizo.

Iko pia aleksandriti halisi iotayo maabarani, yenye kromi ile ile na rangi zile zile kijani na nyekundu. Ilianza kuuzwa katika miaka ya 1970 kutoka California. Hiyo hukuzwa polepole, kwa miezi, au huvutwa kutoka katika dawa iliyoyeyuka. Bei yake si ya kilo ya nyama, ila iko chini sana ya ile ichimbwayo. Sonara wetu mwenyewe alikiri kwamba hiyo mara nyingine humshinda, yataka chombo kikubwa.

Basi tulikwenda dukani, watu watano, tumevaa sare. Muuzaji alitupokea kwa adabu, akaagiza kahawa. Akasema, "Mimi sikusema jiwe la asili. Nilisema jiwe la kweli." Tukatoa risiti. Ilikuwa imeandikwa: pete moja, na jiwe. Basi. Kenya tunayo Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012, inayomkataza muuzaji kudanganya juu ya sifa za kitu auzacho. Lakini neno la mdomo ni gumu kulithibitisha, ni kama upepo, na sisi tulikuwa na upepo tu. Tukanywa kahawa yake tukatoka. Mwenzetu alikatwa mpaka mwezi wa mwisho.

Mkewe alipoambiwa, alicheka, kisha akalia, kisha akaivaa. Anaivaa hata leo. Alisema jiwe halina kosa, na sisi twakubaliana naye. Mtu akitaka jiwe la maabara, zuri, lisilokwaruzika upesi, na akalipa bei ya maabara, amefanya biashara ya haki. Hata binti zetu wangeweza kujifunza kuyapachika katika fedha na kuwauzia wageni wanaoteremka kutazama Ngome, mradi kibandiko kiseme lilivyo. Kilichoibwa pale ni ile tofauti ya bei, na tofauti hiyo ilikuwa jasho la mtu.

Wako wengine wanaoibiwa, nao ni jamaa zetu. Wengi humu mmetoka Taita, na mna ndugu wanaochimba garneti upande wa Kasigau. Ng'ambo ya mpaka, katika bonde la Umba, mto ule ule unaokuja kumwagika baharini karibu na Vanga, zimo garneti zigeukazo rangi kwa nguvu ya vanadi, kama lile jiwe la moto, lakini hizo zilipikwa na ardhi. Sasa wako watu huvunja zile karoti za kiwandani, wakazisugua mpaka zifanane na changarawe za mtoni, wakazichanganya na mawe mema penye machimbo. Mnunuzi akidanganyika mara moja, siku ya pili huwapunja wachimbaji wote. Mchimbaji anapanda kutoka shimoni na jiwe lake halali, anaambiwa, "Hili huenda ni la kiwanda," na hana la kujibu.

Kwa hiyo, ye yote anayetaka kununua asikilize. Litazameni jiwe juani, kisha mbele ya mshumaa. Msitegemee taa nyeupe za dukani, maana nyingi hazina wekundu wa kutosha. Litazameni kwa lenzi: jiwe la moto wa Verneuil lina mistari iliyopinda kama mifuo ya sahani ya santuri, na pengine vipovu vya hewa, kwa sababu liliota tabaka kwa tabaka juu ya kichwa cha mviringo. Mistari ya jiwe lililokua ardhini hunyooka. Msipoona mistari, msiseme mmepona, maana ile ya California haina. Tena mwambieni muuzaji aandike kwenye risiti jina la jiwe, na kama ni la asili au limetengenezwa. Akikataa kuandika, rudisheni fedha mfukoni, hata kama kahawa imekwisha kuja.

Kamati imekubali kununua lenzi moja ya kukuza mara kumi. Iko kwa Bwana Katibu pamoja na mishumaa miwili. Anayeitaka afike jioni baada ya zamu, aandike jina lake na namba yake ya kazi katika daftari, na airudishe siku ya tatu, kwa kuwa wako wawili tayari wanaingoja, na mmoja wao arusi ni mwezi ujao.