Njia ya Gaza Ilikuwa Jangwa

Somo: Matendo ya Mitume 8:26-40

 

Kuna ulizo linalozunguka kanisani miezi hii, na ni vizuri tulijibu kwa Neno. Kila mwezi tunatuma mhubiri kwa pikipiki, magharibi ya Kolwezi, kwa njia ya Mutshatsha, halafu ndani ya pori, ili akute watu kumi na wawili chini ya mti. Wandugu wanauliza: esanse hiyo, na pneu hizo, si zingetosha kumaliza bati za kanisa letu hapa mjini? Hatuwakasirikii wanaouliza. Feza ni ya kanisa, na kanisa lina haki ya kuuliza.

Basi tumtazame Filipo. Yeye alikuwa Samaria. Mji mzima ulimsikiliza, pepo walitoka, viwete walitembea, furaha ilijaa. Mchungaji gani angeacha kazi ya namna hiyo? Lakini malaika anamtuma kwenye njia inayoshuka toka Yerusalemu kwenda Gaza, na Luka anatuambia wazi kwamba pale ni jangwa. Gaza iko karibu na bahari, inchi ya mchanga na jua. Tena, neno la Kigiriki linalotafsiriwa "kusini" katika mstari wa 26 linaweza pia kumaanisha "saa sita ya mchana". Kama ndivyo, Filipo alitumwa pahali pasipo watu, kwa saa ambayo hakuna mtu mwenye akili anayetembea. Hakuambiwa atamkuta nani. Aliondoka tu.

Sasa, wengi wetu tunajua njia ya upande wa Likasi, inayojaa malori ya shaba na kobalti. Upande wa Kasaji na Dilolo ni inchi nyingine. Ukiacha barabara kubwa unaingia katika mchanga, na mwezi wa tisa, mbele ya mvua kuanza, mchanga ule ni kama unga wa bukari ndani ya sufuria. Vijana wa taksi-moto wanajua namna ya kuupita: unapunguza upepo katika pneu, unashika mwendo mmoja, hugusi freni ya mbele, na macho yanatazama mbali. Anayetazama gurudumu lake anaanguka. Aliyebebwa nyuma akae kimya, asijitupe huku na huku. (Wahubiri wengine hawawezi kukaa kimya hata juu ya pikipiki.) Motere inawaka moto kwa kupanda pole pole na mizigo, basi mnasimama, mnaiacha ipoe, na hakuna kivuli. Moshi wa majani yanayochomwa unaingia machoni. Esanse inauzwa ndani ya chupa vijijini, kwa bei kupita ile ya mjini, na siku nyingine haipo kabisa.

Ndiyo, ni ghali. Ila tusome mstari wa 27 tena. Yule mtu wa jangwani alikuwa mtunza hazina ya Kandake, malkia wa Waetiopia. Inchi yao ilikuwa kusini ya Misri, katika Sudani ya leo. Alikuwa na gari, alikuwa na kitabu cha Isaya mkononi, na hakuwa na mtu wa kumweleza. Samaria ilikuwa na mitume Petro na Yoane. Yeye hakuwa na mtu. Wale kumi na wawili chini ya mti wanasoma Biblia pia, mama mmoja anaisoma kwa sauti kwa wengine wote, na mwezi ambao pikipiki haikufika walikutana hata hivyo, wakangoja mpaka jioni. Hapa Manika, ukikosa ibada yetu, unavuka avenyi na kuingia kwa jirani zetu. Wao watavuka kwenda wapi?

Wazee wetu wa imani wanalijua jambo hili. Burton na Salter walifika Mwanza, katika inchi ya Waluba, mwaka 1915, na walifikia vijiji kwa miguu. Kama wangehesabu watu mbele ya kuondoka, sijui nani kati yetu angekuwa anasoma karatasi hii.

Tena kuna mtu mwingine katika habari hii ambaye tunampita mbio. Mstari wa 38, towashi anaamuru gari lisimame. Basi kulikuwa na mwendeshaji! Hana jina, lakini bila yeye gari halisimami. Kijana anayembeba mhubiri wetu anaishi kwa pikipiki ile. Siku mbili akiwa porini hapati hata franka moja mjini, na nyumbani watoto wanataka kula. Kumwambia "Bwana atakulipa" na kumwacha aende mikono mitupu si imani. Alipwe kazi yake ya siku zote mbili, mbele ya kuondoka.

Na kuna wanaosema mtumishi aliyefunikwa na damu ya Yesu hana lazima ya kaske. Sisi hatufundishi hivyo. Filipo alinyakuliwa na Roho mpaka Azoto, na mwenye kupewa tiketi ya namna hiyo asafiri bila kaske. Wengine wote wavae, mwendeshaji na aliyebebwa.

Safari ya mwezi huu ni Posho ijayo, mbele ya jua kutoka. Shemasi anapokea matoleo baada ya ibada: esanse, shambre mbili za pneu, lita kumi za maji, na Biblia moja yenye maandishi makubwa, maana macho ya yule mama yamechoka.