Ahadi ya Majirani na Mipaka Yake: Mafunzo ya Vita vya 1998



Sikusudii jioni hii kuamsha uchungu wa vita ambavyo wengi wenu hapa Kampene mliviona kwa macho yenu, bali kuuliza kwa nini jeshi lililovamia nchi yetu ya Kongo mwezi wa Agosti 1998 lilishindwa Kinshasa, mahali lilipopataka kuliko pote, kisha likafaulu hapa kwetu Maniema.

Maasi yalianza Goma tarehe 2 Agosti, na siku mbili baadaye James Kabarebe, ofisa wa Rwanda ambaye hata Julai ya mwaka ule alikuwa mkuu wa majeshi yetu wenyewe, aliwapakia askari katika ndege za abiria zilizotekwa, akawashusha Kitona, karibu na bahari ya Atlantiki, kilomita zipatazo 1,900 kutoka walikoondoka. Askari wa zamani wa rais Mobutu waliokuwa huko wakajiunga naye. Matadi ikaanguka, bwawa la Inga likatekwa, na mji mkuu ukakatiwa umeme. Tadbiri hiyo ilikuwa ya kustaajabisha, lakini ilisimama juu ya matumaini kwamba Kinshasa itaanguka kabla majirani hawajakata shauri, na kwamba Angola, iliyosaidia kumwondoa Mobutu mwaka 1997, itanyamaza; na kwa kuwa riziki na risasi za jeshi lile zilipitia angani, atakayeushika uwanja wa ndege wa Kitona ndiye atakayelishika lenyewe.

Matumaini hayo yalikuwa batili. Kabla mwezi haujaisha, Zimbabwe, Angola na Namibia, wenzetu katika jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, SADC, zilileta askari, ijapokuwa Afrika Kusini ilitaka mazungumzo yatangulie. Waangola walitokea jimbo lao la Cabinda wakaitwaa Kitona, na Wazimbabwe wakaulinda uwanja wa ndege wa Ndjili, Kinshasa, hata mvamizi, aliyezingirwa mbele na nyuma, akakimbilia kaskazini ya Angola. Raia wa Kinshasa nao waliwasaka waasi mitaani. Lakini katika msako huo watu wasio na hatia walichomwa moto kwa sababu ya sura na nasaba yao tu, na nchi inayojilinda kwa dhuluma ya namna hiyo hujitia jeraha lisilotibiwa na ushindi wowote.

Wakati Kinshasa ikiokolewa, Kisangani ilikuwa imekwisha kuanguka tarehe 23 Agosti. Na Kindu, mji wenye reli, mto na uwanja wa ndege, ambapo serikali ilikuwa ikikusanya nguvu za kurudisha mashambulizi, ilianguka tarehe 12 Oktoba. Nusura ya majirani ilifika kiti cha enzi, haikufika kwetu, na askari wa Rwanda hawakuondoka Kindu ila Septemba 2002.

Mwaka 2003, mjini Dar es Salaam, nchi za SADC zilitia saini mkataba wa kulindana. Naupokea kwa shukrani. Walakini mkataba hauvuki mto Lualaba peke yake. Muungano ulioandaliwa kwa ajili ya mji mkuu pekee humwachia adui nusu ya nchi, naye akiwa na nusu hiyo aweza kungoja miaka. Basi tudai, kwa sauti moja, kwamba njia ya kutoka Kampene mpaka Kindu, reli ya Kindu, na mshahara wa askari anayelinda vitu hivyo, vihesabiwe kuwa ulinzi wa taifa sawasawa na uwanja wa Ndjili, tena vihesabiwe tangu sasa, kwa maana mwaka 1998 jirani alikuja upesi, akakuta mashariki hakuna njia iliyotengenezwa ya kumpitisha.