Programu Fupi, Jibu Sahihi

(Mada iliyotolewa mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili)



Swali linaloulizwa mara kwa mara kuhusu vyumba vya kompyuta vya vijana ni hili: je, michango yetu inaishia kwenye michezo? Aliyetoa fedha ana haki ya kuuliza. Leo naomba tuutazame mchezo mmoja, na tuone kijana anavyoweza kujifunza kwa kuandika programu fupi sana inayofuata kanuni moja tu ya mchezo huo.

Kanuni yenyewe

Mchezo wa Minecraft ulitengenezwa Uswidi na kutolewa rasmi mwaka 2011. Mchezaji huchimba, hujenga na hutengeneza vifaa kama sululu, shoka na panga. Kila kifaa kina uimara wake, ambao hupungua kadiri kinavyotumika mpaka kivunjike. Sululu ya mbao huanza na uimara wa 59, ya mawe 131, ya chuma 250, na ya almasi 1,561.

Mwenye sululu mbili za aina moja zilizochakaa anaweza kuziunganisha zikawa moja. Hesabu yake ni hii: jumlisha uimara uliobaki katika zote mbili, ongeza asilimia 5 ya uimara kamili, ukiacha sehemu ya desimali. Jibu lisizidi uimara kamili.

Tuchukue sululu mbili za chuma, moja imebakiwa na 100 na nyingine 60. Jumla ni 160. Asilimia 5 ya 250 ni 12.5, tunachukua 12. Sululu mpya ina 172. Kama zingekuwa na 200 na 180, jumla ingefika 392, lakini mchezo unatoa 250 tu, kwa kuwa hakuna sululu ya chuma inayozidi hapo.

Shindano la ufupi

Waandishi wa programu wana shindano waliloliita gofu. Katika gofu, anayepiga mpira mara chache zaidi ndiye mshindi. Hapa mshindi ni anayetumia herufi na alama chache zaidi. Jina hilo lilienea miongoni mwa watumiaji wa lugha ya Perl mwishoni mwa miaka ya 1990. Hata kabla ya hapo ufupi ulikuwa ni lazima. Kompyuta ya ZX81, iliyotoka Uingereza mwaka 1981, ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 1 tu, na David Horne aliweza kuingiza humo mchezo wa sataranji, ingawa aliacha baadhi ya kanuni zake.

Kanuni yetu ya sululu, kwa lugha ya Python, inaandikwa hivi:

lambda a,b,m:min(m,a+b+m//20)

Herufi a na b ni uimara uliobaki, m ni uimara kamili. Ukihesabu pamoja na nafasi moja iliyo wazi, ni herufi na alama 29.

Mafunzo matatu

Kwanza, hesabu. Kijana anayeandika m*5//100 ametumia alama 8. Akikumbuka kwamba 5 katika 100 ni sawa na 1 katika 20, anaandika m//20, alama 5. Sehemu aliyoisoma darasani sasa inamletea ushindi.

Pili, kusoma kanuni mpaka mwisho. Akiondoa sehemu ya min, programu inabaki na alama 22, na mfano wetu wa kwanza unatoa 172 kama kawaida. Anafurahi. Mfano wa pili unatoa 392, na furaha inakwisha. Alisahau neno "lisizidi".

Tatu, uaminifu. Mkwaju mmoja badala ya miwili unapunguza alama moja zaidi, lakini jibu linakuwa 172.5. Hilo si jibu la mchezo. Aliyepunguza alama kwa kuvunja kanuni hajashinda, na mifano ya majaribio inamuumbua papo hapo, bila mwalimu kugombana naye.

Tahadhari

Ndugu zangu, nisingependa programu ya namna hii itumike kwenye daftari la michango ya parokia. Kijana aliyeiandika akienda masomoni, mhasibu atakayebaki ataangalia a, b na m asijue ni kitu gani. Fedha za watu zinahitaji maandishi ambayo mwingine anaweza kuyasoma na kuyakagua. Ufupi ni zoezi. Kazini tunahitaji uwazi.

Kwa hiyo napendekeza mambo yafuatayo:

1. Mchezo usinunuliwe. Kanuni inatosha, Python hupatikana bure, na kompyuta ya zamani inaweza kuifanya kazi hii. Vijana waanze kwenye karatasi.

2. Mkufunzi aandae mifano yenye majibu kabla ya shindano, ikiwamo ile inayogusa ukomo na desimali.

3. Baada ya shindano, kila kijana aandike programu yake upya kwa majina kamili na maelezo, kisha mwenzake aisome na kueleza inafanya nini. Asiyeeleweka arudie.

Mkitembelea chumba cha kompyuta na kukuta vijana wanabishana juu ya sululu, msiondoke kwa hasira. Waombeni wawaonyeshe programu mbili, fupi na ndefu, na waeleze kwa nini zote mbili zinatoa 172. Wakiweza kueleza, fedha zenu zimefanya kazi. Wakishindwa, tuiteni tutoe maelezo.