Saruji Haisubiri Kikao

Hotuba ya Kamati ya Fedha katika harambee ya mwaka

 

Mmezoea kutuona sisi wa Kamati ya Fedha tukisimama hapa kusoma mapato na matumizi. Leo tunaomba dakika chache tueleze fungu moja tu la bajeti, lile lililoandikwa "mafunzo ya wawezeshaji wa kamati". Tangu rasimu isambazwe, swali limekuwa hilohilo: kwa nini mchango wetu uende kwenye mafunzo na usiende kwenye saruji? Watani wetu Wachaga husema Mpare hatoi senti mpaka ajue inalala wapi. Basi tuwaambie inalala wapi.

Tuanze na hesabu. Kamati ya watu 20 ikikaa kikao cha saa 4, imetumia saa 80. Kwa siku ya kazi ya saa 8, hizo ni siku 10 za kazi ya mtu mmoja. Kikao kikiisha kwa maneno "tutalizungumza tena mwezi ujao", siku hizo 10 zimekwenda, na hakuna daftari la hesabu linalozionyesha. Wakati huo saruji iliyonunuliwa kwa mchango wenu iko stoo. Kila fundi anajua kwamba saruji ikikaa miezi kadhaa kwenye unyevunyevu hushika mabonge na kupoteza nguvu. Saruji haisubiri kikao. Kwa hiyo anayeongoza kikao naye ameshika fedha zetu, hata kama hana ufunguo wa kasha.

Vijana wetu wanaofanya kazi katika kampuni za programu za kompyuta wanalijua tatizo hili. Mwezi Februari 2001, watu 17 wa fani hiyo walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah, Marekani. Walikuwa wamechoshwa na miradi inayopangwa kwenye makaratasi kwa muda mrefu, ikimalizika mahitaji yamekwisha kubadilika. Wakaandika tamko fupi lenye maadili 4 na kanuni 12, na utaratibu wao ukajulikana kama ajaili, yaani wepesi wa kugeuka. Kanuni ya mwisho inaitaka timu isimame kila baada ya muda, ijitazame na kurekebisha mwenendo wake. Njia ya Scrum, ambayo Ken Schwaber na Jeff Sutherland waliiwasilisha mwaka 1995, inaikata kazi katika vipindi visivyozidi mwezi mmoja. Kila siku timu hukutana kwa dakika 15 tu. Mwisho wa kipindi huonyesha kilichokamilika, kisha hukaa kutazama nyuma.

Kwetu kazi ya namna hii ina mwenzake. Maji ya ndiva hukusanywa usiku, mchana yakafunguliwa kwenda mashambani kwa zamu. Mfereji ukiziba, watu hutoka msaragambo, na wanaoamua pa kuanzia ni wale walioshika majembe. Lakini kamati zetu za leo zina mchanganyiko mkubwa zaidi. Katika kikao kimoja yumo mhandisi, mwalimu mstaafu, mkulima wa tangawizi, mama anayeteka maji kila asubuhi, na kijana aliye Dar es Salaam anayesikiliza kwa simu. Kila mmoja ana kipande cha ukweli. Kuvikusanya vipande hivyo ni ujuzi, na ujuzi hufundishwa.

Mwezeshaji hachukui kiti cha mwenyekiti. Mwenyekiti ana msimamo na ana kura. Mwezeshaji anashika njia ya mazungumzo: nani hajasikika, tumefika wapi, muda umebaki kiasi gani. Yapo mambo manne tunayotaka wajifunze kwa kina.

La kwanza ni kumfungua mdomo aliye kimya. Kwetu mdogo hamkatizi mkubwa, na desturi hiyo ni njema. Ila mzee akitangulia kusema, vijana na akina mama huishia kuitikia tu. Mwezeshaji aliyefundishwa huwapa watu dakika mbili. Anayependa aandike, asiyependa amweleze jirani yake. Kisha huzunguka mmoja mmoja, na kumwomba mzee aseme mwisho, kwa heshima ya neno la kufunga. Mzee hajapungukiwa kitu, na yule mama amepata nafasi ya kusema kwamba pale tulipotaka kuweka tangi, maji huwa hayafiki wakati wa kiangazi.

La pili ni kuvumilia katikati. Sam Kaner na wenzake, katika kitabu chao cha mwaka 1996 kuhusu kuamua kwa pamoja, wanaeleza kwamba mawazo kwanza hutawanyika, kisha huja kipindi kigumu ambacho watu hawaelewani, ndipo hukusanyika. Kipindi hicho cha katikati wanakiita mahali pa kugumia. Kiongozi asiye na ujuzi akifika hapo hukimbia: hupiga kura haraka au huahirisha. Mwenye ujuzi hubaki. Hurudia hoja ya kila upande mpaka mwenyewe akubali, "Ndiyo, hivyo ndivyo nilivyosema." Mara nyingi ugomvi hupungua watu wakijua kwamba wamesikika.

La tatu ni kufunga. Uamuzi usio na jina la mtu na tarehe bado ni maoni. Nani, nini, lini: yaandikwe kwa herufi kubwa kwenye karatasi ukutani, kila mtu ayaone kabla ya kuondoka.

La nne ni ukocha. John Whitmore, Mwingereza aliyewahi kuwa dereva wa magari ya mashindano, aliandika mwaka 1992 kuhusu kumsaidia mtu kwa maswali ya hatua nne: lengo, hali halisi, njia zilizopo, na atakachofanya. Tuchukue mfano wa mama mtunza stoo ambaye vitabu vyake havilingani na mifuko. Rahisi ni kumwamuru. Kocha humwuliza: "Mama, ungependa stoo iweje mwisho wa mwezi? Leo ikoje? Unaona njia zipi? Utaanza na ipi, na lini?" Pengine tutasikia kwamba fundi ana ufunguo wa pili, jambo ambalo amri yetu isingeligusa. Na suluhisho alilolitaja mwenyewe atalisimamia hata tukiwa mbali.

Ujuzi wa juu ni kujua lipi linafaa wakati gani. Paa likitaka kuanguka, hakuna cha kuuliza maswali. Watu wanaamriwa watoke. Mwezeshaji mwenye hoja yake husema wazi kwamba kwa dakika hii anaivua kofia ya uwezeshaji, atoe hoja, kisha aivae tena. Na dalili ya kwamba amefaulu ni kamati kuendesha kikao kizuri siku ambayo yeye hayupo.

Kuhusu vikao vya kutazama nyuma, tunafuata hatua tano za Esther Derby na Diana Larsen, walizozichapisha mwaka 2006: kuandaa mazingira, kukusanya yaliyotokea, kutafuta sababu, kuamua la kufanya, na kufunga. Kikao huanza kwa kukubaliana kwamba kila mmoja alifanya alivyoweza kwa alichokijua wakati ule. Hapo lazima tuseme kama wahasibu: msingi huo hauondoi risiti. Fedha ikipotea, hilo ni suala la ukaguzi. Kikao cha kujifunza kisigeuzwe mahakama, wala kisigeuzwe kichaka cha kujificha.

Sasa mpango wenyewe. Kamati za bweni la wasichana, zahanati na mfereji zitatoa watu wawili wawili. Mmoja lazima awe mwanamke, na mmoja awe kijana. Hatutakuwa na semina ya siku moja yenye soda na vyeti. Watajifunza jambo moja, warudi kulitumia kwenye kamati zao, na baada ya wiki mbili wakutane tena waeleze lililokwenda na lililokwama. Vijana wetu wenye ujuzi huu wamejitolea kufundisha bila malipo. Fungu mnaloliona ni nauli, chakula, karatasi na kalamu. Posho ya kukaa hakuna.

Mwakani tutawasomea mambo mawili: kamati zilifanya maamuzi mangapi yenye jina na tarehe, na mangapi yalitimia siku iliyoandikwa. Namba hizo zikiwa mbaya, sisi wenyewe tutawaomba mlifute fungu hili, fedha ziende kwenye mabati.

Ndugu zetu, mabinti wetu wanaosubiri bweni hawatauliza kikao kiliendeshwaje. Watauliza watalala wapi muhula ujao. Mchango wenu utanunua saruji, nondo na mabati. Tunaomba sehemu ndogo yake iwaandae watu watakaohakikisha saruji hiyo inafika ukutani kabla haijaganda stoo.

Bahasha ziko mezani, na daftari la ahadi liko kwa katibu. Tuchangie, na tuulize inalala wapi.

 Mungu aibariki Upare.