Eksozi Mpya, Kabureta Ileile: Mazungumzo kwa Waendesha Bodaboda wa Makutupora



Imezoeleka katika vijiwe vya kata hii kwamba mwendeshaji akishabadilisha eksozi, hatua inayofuata ni kwenda kufunguliwa kabureta. Fundi hugeuza skrubu, husikiliza mngurumo, hugeuza tena, kisha hudai ujira wake. Mara nyingi kazi hiyo ya pili haikuhitajika kabisa. Eksozi inayolingana na ile ya kiwandani haidai marekebisho ya kabureta, na eksozi iliyoota kutu kwa nje tu haidai hata kubadilishwa. Kwa kijana aliyenunua pikipiki kupitia mkopo usio na riba wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambamo vijana wametengewa asilimia 4, siku moja ya chombo kulala gereji ni siku isiyo na rejesho.

Sababu yake ni nyepesi kueleweka. Pikipiki nyingi zinazobeba abiria hapa, Boxer na TVS zikiwa mstari wa mbele, hutumia kabureta iliyopangwa kiwandani kwa kuzingatia jinsi moshi unavyotoka. Ndani ya sailensa mna vyumba na vijibomba vinavyouzungusha moshi kabla haujatoka. Vitu hivyo vikibaki vilevile, injini haitambui kwamba bomba ni jipya. Vikiondolewa, moshi hutoka kwa wepesi usiokusudiwa, hewa huzidi petroli katika mchanganyiko, joto hupanda, na vali ya kutolea moshi huweza kuungua. Wapo wanaotoboa sailensa wakisema pikipiki "ipumue". Chombo cha namna hiyo hupiga kelele nyingi na mara nyingi hupungukiwa nguvu katika mwendo mdogo, yaani pale hasa mwendeshaji anapokuwa amebeba kreti za zabibu na kupita kwenye mchanga wa njia za mashambani. Kelele zenyewe zina sheria yake: Kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Mgonjwa aliyelala wodini hahitaji kusomewa kanuni ili ajue kero hiyo.

Anayenunua eksozi aende dukani na ile ya zamani mkononi. Azilaze pamoja sakafuni, alinganishe urefu, upana wa mdomo unaoingia kwenye injini, na mahali pa kufungia kwenye fremu. Kisha aiinue ile mpya na kuchungulia kutoka mwisho wa sailensa: akiona mwanga umenyooka hadi upande wa pili, basi hiyo ni bomba tupu lililovikwa ganda zuri, na ndiyo itakayompeleka kwa fundi wa kabureta.

Ufungaji ndipo penye makosa mengi zaidi. Kati ya bomba na injini hukaa gasketi ya mviringo, ambayo hubonyea mara inapokazwa ili kuziba nafasi. Ikishabonyea imemaliza kazi yake. Kuirudisha kwenye eksozi mpya ni kubana matumizi mahali pasipostahili. Nati za mdomoni zishikizwe kwa vidole kwanza, kisha boliti ya nyuma ya sailensa ishikizwe vivyo hivyo, bomba likae bila kulazimishwa. Baada ya hapo nati za mdomoni zikazwe kwa zamu, kidogo kidogo, na boliti ya nyuma imalizie. Anayeanza kukaza nyuma hulipinda bomba, na mdomo hubaki wazi upande mmoja.

Uwazi huo mdogo ndio unaowapoteza wengi. Mwendeshaji akiachia mafuta kwenye mteremko, hewa huvutwa kupitia upenyo huo, hukutana na petroli ambayo haikuungua, na eksozi hutoa milio ya kulipuka. Anayeisikia hudhani kabureta imeharibika, naye huanza kugeuza skrubu iliyokuwa sawa. Kabla ya kuigusa, injini ikiwa bado ya baridi, maji ya sabuni yapakwe kwenye kiungo, kisha pikipiki iwashwe. Povu likitokea, tatizo ni gasketi. Eksozi mpya pia huweza kufuka moshi kwa dakika chache kwa sababu ya mafuta iliyopakwa ghalani. Hilo nalo si ugonjwa wa injini.

Sasa kuhusu kutu. Wengi hushangaa kwamba Dodoma, penye mvua za msimu mmoja mfupi, mabomba huoza. Maji hayo hayatoki mawinguni. Petroli inapoungua huzaa maji, karibu lita moja kwa kila lita moja ya petroli, nayo hutoka kama mvuke. Katika safari fupi za kijiweni hadi sokoni, sailensa haipati joto la kutosha. Mvuke huganda kuwa maji na kutuama chini. Ndiyo maana sailensa nyingi zimetobolewa kitundu kidogo upande wa chini kiwandani. Fundi wa kuchomelea anayekiziba kwa nia njema ameifungia kutu ndani.

Kutu ya nje hutibiwa kwa rangi, na rangi haibadilishi chochote katika upumuaji wa injini. Eksozi ifunguliwe ikiwa imepoa, midomo yake izibwe kwa matambara, isuguliwe kwa brashi ya waya kisha msasa mpaka chuma kionekane, na ifutwe kwa tina hadi iishe mafuta. Rangi iwe ya kuhimili joto, ile iliyoandikwa nyuzi 600 au zaidi kwenye kopo. Rangi ya mafuta ya kupaka milango huungua siku ya kwanza na kunuka. Ipakwe nyembamba mara mbili au tatu, na sehemu inayokalia gasketi isipakwe. Ikikauka, injini iwashwe kwa dakika chache, izimwe ipoe, iwashwe tena kwa muda mrefu zaidi, ili rangi ikomae kwa moto wa taratibu.

Palipotoboka, kiraka cha bati la chuma kichomelewe eksozi ikiwa imeondolewa kwenye pikipiki, fundi akijihadhari asiyeyushe vyumba vya ndani. Baada ya siku ya kwanza ya kazi, nati zikaguliwe tena asubuhi chuma kikiwa baridi, kwa maana gasketi mpya huendelea kubonyea. Na yale matambara ya midomoni yahesabiwe kabla ya kufunga: pikipiki iliyosahauliwa tambara ndani hukataa kuwaka, na kitu cha kwanza kufunguliwa huwa ni kabureta.