Ua Kavu na Kikaratasi Chake



Mkulima wa Kisii au Nyamira anaijua mimea ya mwitu ijizongayo juu ya mahindi na vichaka, yenye maua mfano wa tarumbeta. Ua hufunguka alfajiri, na jua likizidi limekwisha kunyauka. Wataalamu huiita Ipomoea, nacho kiazi kitamu ni ndugu yao hasa. Mmoja wao, Ipomoea wightii, una ua la zambarau na majani yenye manyoya meupe upande wa chini. Huota Afrika ya Mashariki na hata Bara Hindi.

Pengine mtu atauliza: magugu haya yana faida gani hata yakaushwe na kuhifadhiwa kabatini Nairobi? Jibu limo shambani. Fukusi wa viazi hula pia jamaa hawa wa mwitu, na virusi vya viazi vimepatikana ndani yao huko Uganda. Atakaye kujua ugonjwa hujificha wapi, hana budi kujua kwanza ni mmea gani uotao mahali gani.

Hazina hiyo ya mimea mikavu ilianza Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902, kisha ikahamishiwa Nairobi. Bernard Verdcourt, aliyefanya kazi humo, alitoa mwaka 1963 kitabu cha jamii hii kwa Afrika ya Mashariki, ambamo Kenya imegawanywa sehemu 7.

Lakini mmea mkavu hausemi. Ua husinyaa na rangi hupotea. Kisemacho ni kikaratasi kilichobandikwa kando yake: rangi, tarehe, kimo cha nchi, jina la mchumaji, na mahali. Kwa maoni yangu kina thamani kuliko ua lenyewe, na hapo ndipo penye shida. Kikaratasi cha zamani kikisema "Kisii" tu, je, ni Kitutu, Bobasi, au Mugirango Kaskazini? Nyamira haikuwa wilaya hadi miaka ya 1980. Kingine kitasema "Kavirondo Kusini", wilaya iliyoshuka mpaka ziwani, yapata mita 1,130 juu ya bahari, hali mji wa Kisii uko yapata mita 1,700. Umbali huo wa kimo watosha kubadili mimea.

Basi mchumaji akipita kwako, mtajie kilima na kijito kwa majina mnayoyatumia, herufi kwa herufi, pamoja na jina la mmea kwa Ekegusii. Asipouliza, mwambie vivyo hivyo. Na aje asubuhi.