Kabla ya Kuuliza Alikuwa wa Nani



Wapendwa wasikilizaji, na hasa ninyi makatekista mnaoongoza Ibada ya Neno katika vigango ambako padre hafiki kila Dominika, leo nawarudisha kwenye siku moja ambayo sisi watu wa Tanga hatutaisahau upesi, yaani Dominika ya Septemba 8, 2024.

Siku mbili kabla yake, Ijumaa Septemba 6, Bwana Ali Mohamed Kibao, mjumbe wa sekretarieti ya CHADEMA, alikuwa ndani ya basi akitoka Dar es Salaam kuja Tanga. Lilipofika Tegeta, watu wenye silaha waliingia, wakamshusha na kuondoka naye mbele ya abiria wenzake. Kesho yake mwili wake ulionekana Ununio. Viongozi wa chama chake walieleza kwamba alikuwa amepigwa na kumwagiwa tindikali usoni. Dominika ile Rais Samia Suluhu Hassan alitoa pole na kuagiza vyombo vya uchunguzi vimpelekee taarifa. Jumatatu marehemu alizikwa hapa Tanga.

Njia ile tunaijua sote. Ni njia ya watoto wetu waendao vyuoni, ya wagonjwa wanaopelekwa Muhimbili, ya akina mama wenye vikapu. Abiria wasiojuana hushikiana watoto na kuamshana wafikapo Segera, na Muheza hugawana machungwa yaliyonunuliwa dirishani. Kwa saa chache basi huwa kama nyumba moja. Hebu fikirini kiti kile kimoja kilichobaki kitupu hadi stendi ya Kange.

Habari ilipotufikia, swali la kwanza nililolisikia kwenye baraza za kahawa, na hata nje ya mlango wa kanisa, halikuwa juu ya mjane wala watoto. Watu waliuliza: alikuwa chama gani? Wengine wakauliza: dini gani? Kisha, kwa sauti ya chini: kwani alifanya nini? Swali hili la tatu ndilo linalonitisha kuliko yote. Anayeliuliza amekwisha kukubali kwamba lipo jambo ambalo mtu akilifanya, yafaa ashushwe garini na asifike kwake.

Sasa tazameni masomo ambayo Kanisa lilitusomea Dominika ile ile, ya 23 ya Mwaka B. Hakuna aliyeyachagua kwa ajili yetu. Yalikwisha kupangwa miaka mingi kabla. Mtume Yakobo anawaonya Wakristo wanaompokea mwenye pete ya dhahabu kwa heshima, na mwenye mavazi machafu wakamwambia asimame pembeni. Yakobo alitazama mavazi ya siku zake. Sisi tunayo mengine: sare ya kijani na sare ya kaki, kanzu na kofia, rozari shingoni. Tunapima kwanza vazi, ndipo tunapoamua machozi yetu yawe kiasi gani.

Katika Injili ya Marko, watu wanamletea Bwana mtu kiziwi mwenye ulimi mzito. Hatuambiwi jina lake wala kabila lake, na mambo hayo yalitokea upande wa Dekapoli, penye wapagani wengi. Hata waliomleta hawatajwi. Bwana akamtenga na umati, akatia vidole masikioni mwake, ndipo akamgusa ulimi. Masikio kwanza, ulimi baadaye. Siamini kwamba utaratibu huo ni wa bahati tu. Tuliokimbilia kusema juu ya marehemu tulikuwa hatujasikia bado kilio cha nyumbani kwake.

Nitaambiwa nachanganya dini na siasa. Sikubali. Katiba ya nchi yetu, Ibara ya 14, inataja haki ya kila mtu ya kuishi, na Ibara ya 15 inakataza mtu kukamatwa nje ya utaratibu wa sheria. Kama maneno hayo ni siasa, basi na amri ya tano ya Mungu ni siasa.

Mwezi mmoja kabla ya kifo hicho, Agosti 2024, Chama cha Wanasheria Tanganyika kilikuwa kimetangaza orodha ya watu 83 waliodaiwa kutoweka. Ninyi makatekista mnazifahamu orodha: za wakatekumeni, za wachumba, za marehemu wa Novemba. Ila hii ni orodha ngumu kuisomea sala. Mama asiyejua kama mwanawe yu hai hawezi kuweka matanga, wala hawezi kuomba Misa ya marehemu, maana atahisi anamzika kwa kinywa chake mwenyewe. Kila mlango ukigongwa usiku, huinuka.

Na tusidhani kwamba hatujui kulia bila kuuliza. Usiku wa Aprili 30, 2025, Padre Charles Kitima, Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu, alishambuliwa pale Kurasini. Makanisani kwetu watu waliumia na kughadhabika, na walikuwa na haki. Sikumsikia hata mmoja akiuliza padre alifanya nini. Je, tuliumia kwa sababu ni mtu, au kwa sababu ni wetu? Pwani hii Mkristo hupokea zamu ya kubeba jeneza la jirani Mwislamu, naye Mwislamu huchimba kaburi la Mkristo; mikono yetu imejifunza jambo ambalo ndimi zetu zinalikataa.

Basi, katika sala ya waamini leo, tengeni ombi moja kwa ajili ya waliotoweka na kwa ajili ya wale wanaojua walipo. Na kama katika kigango chenu ipo nyumba inayomtafuta mtu wake, iwe ya Kikristo au ya Kiislamu, ya chama chochote, nendeni huko mchana huu. Chukueni sukari na unga kama iendwavyo msibani, lakini msiseme habari za msiba. Kaeni mkekani, mwacheni mama aseme. Akitaka kwenda kituo cha polisi, mmoja wenu amsindikize, na namba ya taarifa iandikwe katika daftari la jumuiya, pamoja na tarehe. Wiki ijayo rudini naye.